Swali Nililomuuliza Pendo

Kashinje mwanangu,

Shuleni mnafundishwa kuanza barua kwa salamu ndefu, halafu "dhumuni la barua hii". Mimi niliishia darasa la nne, na salamu zangu nitakupa kesho kwa mdomo, kwa hiyo naanza na lililonikaa rohoni. Uliniuliza swali, nami sikukujibu. Tumeishi nalo humu ndani tangu masika, kila mtu analizunguka kama shimo la uani. Kesho unavuka ziwa kwenda ng'ambo, na sitaki uvuke ukiwa bado unalisubiri jibu.

Sasa hivi uko nyuma unaanua nguo. Baba yako yuko kwa jirani anasikiliza taarifa ya habari, maana redio yetu anaitengeneza tangu apunguzwe kiwandani, na kila akiitengeneza inazidi kuwa bubu. Ningeweza kutoka nikakuambia haya hapo kwenye kamba ya nguo. Lakini unaijua midomo yetu, wangu na wako. Tunaanza kwa upole tunamaliza kwa kurushiana maneno, na majirani wa Mkuyuni jioni hawana kazi nyingine. Karatasi angalau itaniacha nimalize.

Mambo ya kula nini na kuvaa nini sitakuandikia. Umekaa Dar es Salaam miaka yote ya chuo bila mimi kukuchagulia soksi, na ukarudi na mwili wako wote.

Nianze na neno baya nililokutolea siku ulipoonyesha barua ya chuo cha wakunga. Ulikuwa umeshaitwa kazini kwenye ile benki mpya mjini. Nilikuwa nimeshawaambia watu. Nilimwambia hadi yule mama anayeniletea mapanki, ile mifupa ya samaki inayobaki kiwanda cha minofu, ambaye hata jina la benki hakulijua, naye akanipongeza. Kisha wewe ukaweka barua mezani, ukasema benki umeikataa, unakwenda kuanza upya na wasichana waliotoka kidato cha nne juzi. Mkuu wa chuo mwenyewe alikuwa amekuuliza kama hukukosea anwani. Nikakuambia, "Sikukaa kwenye moshi wa mapanki nikupe shahada ya biashara ili ukashike damu za watu." Na nikaongeza kwamba siku ya kuondoka usinitafute, sitakusindikiza.

Baba yako alikuwa na bisibisi mkononi. Alisema, "Mama Masanja, mimi niliambiwa kiwanda hakifi. Leo kimeuzwa na mashine zimefunikwa maturubai. Hiyo benki nani kakuapia kwamba haifi? Wanawake hawataacha kuzaa." Wewe ukacheka. Mimi nilichukia zaidi kwa sababu ulicheka.

Watu niliwapa sababu zangu, na zote ni za kweli. Niliwaambia naogopa ugonjwa huu wa siku hizi, kwamba hospitali zenyewe hazina glavu na mtoto wa mtu anaingiza mikono mitupu. Naogopa hata sasa. Mazishi tuliyokwenda mimi na wewe kwa miaka hii michache yanatosha kumtia mzazi hofu. Niliwaambia pia ni aibu mtu mwenye shahada kuamrishwa kufua mashuka. Lakini hayo hayakuwa mzizi. Mzizi ni kwamba kila ulipotamka neno ukunga, nilisikia sauti yangu mwenyewe sikioni mwa Pendo.

Naomba nilisimulie tukio lile kwa mkono wangu, ingawa ulikuwepo. Wewe uliukuta mwisho wake, na mwanzo wake hujausikia kwangu.

Masanja kaka yako alikuwa kisiwani kwenye uvuvi. Mkewe Pendo alianza uchungu alfajiri, mvua ikinyesha. Nilisema tusubiri mvua ikatike. Ilipokatika nikasema tusubiri uchungu ukaze, maana hospitali wakiona bado wanakurudisha nyumbani, na wakikupokea wanataka uje na kila kitu chako mkononi, kuanzia wembe. Hayo yote ni maneno ya kweli, na ndivyo mwanamke mzima anavyojidanganya, kwa maneno ya kweli yaliyopangwa vibaya. Adhuhuri uchungu ulikuwa umekaza na mtoto hashuki. Walikuwepo wale akina mama wawili wa nyumba ya pili. Mmoja akanivuta pembeni akasema kwa Kisukuma, "Huyu mkamwana wako ana jambo. Mumewe siku zote yuko kisiwani, na mwenye mtu wa nje hazai mpaka amtaje. Muulize."

Sikukataa. Nataka uandike hilo moyoni mwako hivyo hivyo lilivyo: sikukataa hata kwa adabu. Nilirudi ndani, nikapiga magoti karibu na kichwa chake, nikatumia sauti ya upole. "Pendo, mwanangu, sema tu. Kuna mtu?"

Akanitazama kama hakusikia. Akasema, "Mama, sina mtu."

"Hatutakugombeza. Mtaje, njia ifunguke."

"Mama, sina mtu. Haki ya Mungu sina."

Nilimuuliza tena. Akageuza uso ukutani. Wale wenzangu wakasema, unaona, amegeuza uso. Tukaendelea kumuuliza kwa zamu, tukimfuta jasho, tukimpa uji, tukimwita mwanangu. Ukatili wetu ulikuwa wa upole sana, na labda ndiyo sababu haukututisha. Ndipo ukaingia wewe na viatu vyako vya usaili na bahasha ya benki kwapani, ukasimama mlangoni ukasikiliza. Ukasema, "Mama, mnafanya nini?"

Sikujibu hata hilo.

Yaliyofuata unayajua kuliko mimi. Wewe ndiwe uliyekwenda barabarani ukasimamisha gari la mchanga. Wewe uliyekimbia peku duka la dawa kutafuta glavu, maana viatu vya usaili havikimbii. Mimi nilikaa kwenye benchi la hospitali nimeshika chupa ya uji. Mtoto alikuwa wa kiume. Nesi alipotoka hakutugombeza, alisema tu kwamba alikuwa amechoka tangu asubuhi, akimaanisha mtoto. Pendo alipona.

Ukaenda kunawa mikono kwenye bomba la nje, nami nikakufuata. Ukasema, "Mmemuua, mama." Halafu, mikono ikiwa bado inatiririka, ukaniuliza, "Na wewe walipokuuliza, ulimtaja nani?"

Hadithi uliijua kutoka kwa bibi yako, mama wa baba yako. Alipenda kuisimulia, kila alipokuja kukaa nasi, kwamba mama yenu alikuwa mkaidi, mtoto akakwama, na alipotaja tu, mtoto akashuka akitanguliza miguu, ndiyo maana tukamwita Kashinje. Watu walicheka, nami nikicheka nao. Sasa nisikilize mimi.

Ilikuwa kijijini Kwimba, kabla hatujahamia mjini. Nilikuwa na uchungu tangu usiku uliotangulia, na Masanja alikuwa ameshazaliwa bila shida, kwa hiyo walisema njia naijua, kinachonizuia ni siri. Bibi yako aliuliza. Shangazi za baba yako wakauliza. Nilimtaja baba yako. Wakasema huyo hahesabiwi. Nililia, nikaapa, nikatukana, na mwisho nikaona kwamba hawatanyamaza wala hawataniletea msaada mpaka wapate jina. Basi nikatafuta kichwani mtu ambaye jina lake halitamdhuru. Kulikuwa na mzee mmoja aliyekuwa akituletea chumvi kijijini, amefariki mwaka uliotangulia. Nikamtaja huyo.

Wakanyamaza. Tukangoja wote, mimi pamoja nao. Mwanangu, hili sijawahi kumwambia mtu: hata mimi nilingoja njia ifunguke. Haikufunguka. Jua lilisogea, nawe ulikaa pale pale ulipokuwa. Shangazi mmoja akasema, "Maiti hafungi njia. Taja aliye hai."

Baba yako ndiye aliyeondoka bila kuaga mtu, akaenda kumfuata nesi wa zahanati ya misheni. Walirudi kwa baiskeli moja, nesi amekaa nyuma, sketi yote matope. Alikuwa mwanamke mnene, mwenye hasira ya kawaida ya mtu mwenye kazi nyingi. Aliwatoa wote nje isipokuwa bibi yako, akampa kazi ya kushika taa, ingawa nje jua lilikuwa bado lipo. Akanawa, akakaa, akasema, "Unaitwa nani?"

Nilisema, "Mama Masanja."

"Hilo la mtoto wako. Wewe unaitwa nani?"

Ilibidi nifikiri. Tangu niolewe pale nilikuwa mke wa fulani, kisha mama wa fulani. Nikamwambia Kabula. Akasema, "Haya Kabula, huyu anakuja kwa miguu. Usisukume mpaka nikwambie. Sasa usisukume, Kabula. Sasa subiri, Kabula. Sasa." Hakuniuliza jina la mtu mwingine yeyote.

Ukazaliwa. Wakafanya mila zao zote za mtoto wa miguu, na bibi yako akatangaza kijiji kizima kwamba alipotaja tu, mtoto akashuka. Nesi alikuwa ameshaondoka. Baba yako aliniuliza mara moja tu, tukiwa tunapalilia pamba. "Yule mzee wa chumvi?" Nikamwambia nimemchagua kwa kuwa amekufa. Akacheka mpaka akakaa chini kwenye matuta. Hajaniuliza tena hadi leo, na ukiniona nimemvumilia na redio yake, sababu mojawapo ni hiyo.

Kwa hiyo jibu lako ni hilo. Nilimtaja marehemu, na hakufungua kitu. Unaona sasa kwa nini nilishindwa kukujibu pale bombani. Wewe ulidhani mama yako alimuuliza Pendo kwa kuwa aliamini. Ningekuwa nimeamini, ningekuwa mjinga, na mjinga husamehewa. Mimi nilijua. Nilijua kwa mwili wangu mwenyewe kwamba swali lile halizalishi mtu, na bado nilipiga magoti nikaliuliza.

Nimejitafuta sana kwa nini. Nikiwa nakaanga mapanki najiuliza, nikiwa kanisani najiuliza. Sehemu moja ni woga. Mwanamke akikwama mbele yako na huna la kufanya, mikono inatafuta kazi, na kama mikono haina kazi mdomo unapewa. Kuuliza ni kufanya kitu. Sehemu nyingine ni mbaya zaidi. Bibi yako aliposimulia hadithi yake, mimi nilicheka nao, na kwa kucheka nikapewa nafasi. Nikawa mmoja wao. Niliuacha uongo ukae kwa sababu ulikuwa umeshanisamehe, na ukweli ungenirudisha mahakamani. Basi ilipofika zamu yangu ya kukaa kwenye kigoda cha mama mkwe, nilikuta kimekuja na swali lake. Wahenga walisema mwenye kovu usidhani amepoa, nami siku zote nilidhani maana yake ni kwamba mwenye kovu anakumbuka maumivu asiyarudie kwa wengine. Sivyo nilivyokuwa.

Na swali lile halikuishia siku ile. Masanja aliporudi kutoka kisiwani alimzika mwanawe kwa kutazama kilima cha udongo tu. Jioni yake akanifuata jikoni, akauliza, "Mama, alisema nini?" Nikamwambia alisema hana mtu. "Aliulizwa mara ngapi?" Nikainama kuchochea moto. "Basi mliona kitu." Nikamwambia hatukuona kitu, tuliogopa. Lakini unamjua kaka yako, akishapata mwiba hautoi, anaubonyeza. Alianza kumtazama mkewe kwa pembeni. Pendo alivumilia mpaka maziwa yalipomkauka kifuani, halafu akafunga kanga zake akarudi kwa wazazi wake Magu. Hakugombana na mtu. Alinisalimia "Shikamoo mama" kama kawaida, nikaitikia marahaba, akaenda. Ningetamani angenitukana.

Najua wewe umekuwa ukimwandikia. Najua pia ndiko ulikotolea wazo hili la ukunga, kwenye bomba lile, na si kwenye vipeperushi vya padri kama ulivyomwambia baba yako. Ndiyo maana nilipigana nalo. Kila siku utakayovaa sare ile, nilisema moyoni, itakuwa siku ya kunishitaki. Nilitaka uende benki, uhesabu mambo ya watu wengine, tusahau. Nimekubali sasa kwamba huendi kule kwa ajili ya kunishitaki. Au ikiwa unakwenda kwa hilo pia, ni haki yako, na kazi haitaharibika kwa sababu ilianza na hasira.

Ila kuhusu hasira nina neno moja, na hapo nivumilie, maana ni mtuhumiwa anayemshauri hakimu. Nje ya kila mlango wa wodi ya wazazi utakutana na mimi. Nitakuwa nimekaa kwenye benchi na chupa ya uji na kanga tatu, nina swali mdomoni, wakati mwingine nimeshaliuliza. Utatamani kunifukuza. Una ulimi wa kunifukuza nao, umeurithi kwangu. Lakini ukinitukana mbele ya watu, nitakachojifunza ni kwamba hospitali kuna matusi, na mkamwana wangu wa pili nitamweka nyumbani muda mrefu zaidi. Yule nesi wa Kwimba hakumpa bibi yako mafunzo. Alimpa taa ashike. Bibi yako alishika taa ile, na kwa muda wote huo hakuuliza kitu. Tupeni kazi, mwanangu. Tukiwa na kitu mkononi tunanyamaza.

Na usidhani elimu itakukinga. Hilo ndilo linalonisumbua zaidi usiku wa leo, kuliko damu, kuliko glavu. Wewe una shahada, na kule watakuongezea cheti. Lakini itakuja siku umechoka, umebaki peke yako na wazazi wengi, mmoja anapiga kelele na hazai, nawe huna dawa wala daktari. Siku hiyo mdomo wako utatafuta kazi. Hutamuuliza jina la mwanaume, wewe si wa zama zangu. Labda utamuuliza kwa nini hakuhudhuria kliniki. Labda utamwambia, "Wakati unabeba mimba hukupiga kelele." Nimewasikia manesi wakisema hivyo, wasichana wazuri kama wewe. Ni swali lile lile limevaa sare. Litakapokujia, nikumbuke mimi nilivyopiga magoti na sauti yangu ya upole, kisha uende ukanawe mikono.

Nimeandika mpaka wewe umeingia ndani mara mbili kuniuliza naandika nini, nikakuambia ni hesabu za mapanki. Mhasibu mzima, ukakubali.

Sasa mambo ya kesho. Nilisema sitakusindikiza. Nitakusindikiza. Sanduku nitalibeba mimi kichwani mpaka kivukoni, na usiniambie habari ya mgongo wangu mbele ya watu. Barua hii nitakupa mkononi watu wakianza kupanda, uisome ukiwa umeshakaa, ili tusipate nafasi ya kubishana. Kwa hiyo unaposoma hapa, ukiinua macho, pengine utaniona bado nimesimama nchi kavu. Usinipungie, nitalia, na nina safari.

Sirudi nyumbani. Kutoka hapo kivukoni napanda basi la Magu. Nimemwambia Masanja twende wote, akasema atafikiri. Sikumngoja afikiri, kwa sababu kosa hili si la kwake kwanza. Sijui kama Pendo atanipokea, wala kama wazazi wake watanifungulia mlango. Siendi kumrudisha. Nakwenda kukaa mbele ya mama yake na kusema kwamba mtoto wao hakuwa na jambo, na kwamba mimi nilijua. Niseme kwa sauti, majirani wasikie, kama majirani wa huku walivyosikia swali.

Radhi yangu nilikunyima kwa mdomo, nami nakurudishia kwa maandishi, maana maandishi hayakanushwi. Nenda, Kashinje. Uliingia duniani kwa kutanguliza miguu, na mtu ambaye hatukumjua alikupokea bila kukulaumu. Kawapokee na wa wenzio.

Na mwanamke atakapoletwa kwako, watamtaja mke wa fulani, mama wa fulani. Muulize jina lake. Mimi niliulizwa mara moja tu maishani, na nililijibu kwa shida. Leo nalijibu bila kuulizwa.

Mama yako,

Kabula